Taa ya difu loki inapepesa bila kutulia: pima haya kabla ya kununua difu

Swali: Habari za kazi mtaalamu. Nina Toyota Hilux dabo kebini ya 2012, dizeli 3.0, gia za mkono, fowili ya kuvuta kwa mkono. Nipo Njombe, nabeba viazi na mbao. Mvua hizi nikibonyeza kitufe cha difu loki ya nyuma, taa inapepesa tu kwenye dashibodi, haitulii, na tairi moja la nyuma linazunguka bure huku lingine limesimama. Fundi mmoja anasema LSD imekufa, nitafute difu nzima ya mtumba. Fundi umeme anasema ni kontroli boksi. Wote wanataka hela na hakuna aliyepima kitu. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, shikilia hela yako kwanza. Hao mafundi wawili wametaja vitu viwili vya bei kubwa kuliko vyote kwenye mfumo huo, na kwa dalili ulizoeleza, vyote viwili ni vya mwisho kushukiwa.

Tuondoe suala la LSD. Difu ni gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi mbili; ile yenye LSD ina sahani za klachi ndani yake zinazobana zenyewe tairi moja linapozunguka kuliko lenzake. Haina kitufe wala taa, na hujawahi kuulizwa uiwashe. Toyota iliyotoka kiwandani na kitufe cha difu loki ya nyuma haina LSD kwenye difu hiyo hiyo. Ni kimoja au kingine. Kwa hiyo hakuna LSD iliyokufa kwenye gari lako, maana haikuwepo. Ulichonacho ni difu ya kawaida yenye kufuli linalosukumwa na mota ya umeme.

Kufuli hilo linafanya kazi hivi. Ukibonyeza kitufe, kompyuta ya difu loki (ndiyo kontroli boksi aliyoitaja fundi umeme) inaangalia kama masharti yametimia. Yakitimia, inapeleka umeme kwenye mota ndogo iliyofungwa kwa bolti ubavuni mwa difu. Mota inazungusha gia, gia inasukuma shafti yenye uma, na uma unatelezesha pete ya meno inayounganisha gia ya ekseli na kasha la difu. Hapo ekseli mbili zinakuwa kitu kimoja. Uma ukifika mwisho, swichi ndogo iliyofungwa kwenye mwili wa difu inabonyezwa na kurudisha taarifa kwa kompyuta, na taa inaacha kupepesa na kuwaka imara. Taa inayopepesa, basi, haimaanishi "difu imekufa". Inamaanisha kompyuta imeambiwa ifunge na bado haijapata uthibitisho kwamba imefunga. Kosa liko mahali fulani kati ya amri na uthibitisho, na njia hiyo inapimika kipande kwa kipande.

Masharti kwanza

Toyota nyingi za fowili zinataka gia ya fowili iwe L4 (fowili ya gia nzito) ndipo difu loki ikubali. Si zote. Hilux za 4x2 zilizoinuliwa zinazouzwa Afrika Kusini zina difu loki bila fowili kabisa, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako badala ya kusikiliza mwenye gari kama lako. Kwenye baadhi ya modeli taa hupepesa hata pale sharti likiwa halijatimia, na dereva akadhani ni ubovu.

Weka L4 gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa, hakikisha taa ya fowili imewaka, kisha bonyeza kitufe. Taa ya fowili isipowaka ilhali gari linavuta magurudumu yote, swichi iliyo kwenye boksi ya transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma) au waya wake ndiyo mshukiwa, na unaweza kuishia hapo: kompyuta haijui kuwa umeingia L4. Swichi hizo hukwama kwa uchafu na maji, na kubadilisha ni kazi ya muda mfupi.

Sharti la pili ni mwendo. Difu loki ya Toyota huingia chini ya kilomita 8 kwa saa. Kompyuta inajua mwendo kupitia ishara ya spidomita, hivyo kama mshale wa spidomita umekufa au unarukaruka, tengeneza hilo kabla ya kugusa kitu kingine.

La tatu si la umeme. Meno ya pete na meno ya kasha lazima yakutane. Mota ina springi ndani inayobaki imekazwa ikisubiri meno yajipange, kwa hiyo taa kupepesa kwa sekunde kadhaa ni kawaida kabisa. Tembeza gari polepole mita tano hadi kumi kwenye udongo laini huku ukikata usukani kidogo kushoto na kulia. Kama taa inatulia baada ya hapo, gari lako ni zima. Ulikuwa unabonyeza kitufe ukiwa tayari umekwama na tairi linazunguka kwa kasi, na hilo ndilo kosa la madereva wengi. Difu loki inafungwa kabla ya kuingia kwenye tope. Kuifunga tairi likiwa linazunguka kwa nguvu ni njia ya uhakika ya kuvunja meno.

Je, meno yameingia au hayajaingia?

Umeandika kwamba tairi moja linazunguka na lingine limesimama. Ikiwa hapo ulikuwa L4 na kitufe kimebonyezwa, basi kufuli halijaingia. Lakini kwenye tope jicho hudanganya, kwa hiyo thibitisha ukiwa sehemu kavu.

Tafuta sehemu tambarare na ngumu. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele, maana handibreki inashika magurudumu ya nyuma na utalazimika kuiachia. Inua ekseli ya nyuma, weka stendi mbili chini yake. Jeki peke yake haitoshi. Gia kuu iwe nyutro, fowili L4, injini imezimwa, swichi ya kuwashia gari iwe ON. Bonyeza kitufe, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. Kwa kuwa propela ya nyuma (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) imeshikwa na magurudumu ya mbele yaliyo chini, difu iliyo wazi itafanya tairi la pili lizunguke kinyume. Zungusha mbele na nyuma mara kadhaa ili kuyapa meno nafasi ya kukutana. Kufuli likiingia utasikia mlio wa chuma, "tak", na baada ya hapo tairi halitazunguka zaidi ya ule mlegezo mdogo wa gia.

Jaribio hili ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata. Fundi asiyetaka kulifanya asiguse difu yako.

Kama imefunga na taa bado inapepesa

Hii ndiyo habari njema, ingawa kwa maelezo yako siyo iliyo kwako. Hapa mota na meno ni vizima. Kinachokosekana ni uthibitisho. Chomoa soketi ya ile swichi ndogo iliyoskrubiwa kwenye difu, yenye waya mbili. Ukiunganisha waya hizo mbili za upande wa gari kwa kipande kifupi cha waya na taa ikatulia, waya na kompyuta ni salama, swichi ndiyo mbovu. Pima swichi yenyewe kwa multimita: difu ikiwa imefungwa usome karibu na ohm 0, ikiwa wazi isisome kitu.

Usiache ule waya wa kuunganisha kama matengenezo ya kudumu. Gari litaamini difu imefungwa muda wote, na kwenye modeli ambazo ABS (mfumo unaozuia tairi kukwama ukishika breki) huzimwa difu ikifungwa, utakuwa unashuka mlima na mzigo wa mbao bila ABS.

Kama haijafunga

Hapa ndipo ulipo wewe, kwa kadiri ninavyoona. Anza na fyuzi ya difu loki. Majina yameandikwa ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi. Usiiangalie kwa macho tu, ipime pande zote mbili kwa taa ya majaribio ikiwa mahali pake.

Kisha sikiliza. Mtu mmoja akae ndani, mwingine alale karibu na difu, gari likiwa juu ya stendi na injini imezimwa. Kitufe kikibonyezwa, mota nzima hutoa mlio mfupi wa kusaga kisha hunyamaza. Ukisikia mota inazunguka kabisa lakini meno hayaingii hata baada ya kuzungusha tairi, kosa ni la kimekanika: gia ya mota haikupangwa vizuri na meno ya shafti baada ya mtu kuifungua zamani, au uma umechakaa au umevunjika. Ukisikia "tik" moja ya rilei kisha kimya, au kimya kitupu, endelea na umeme.

Soketi ya mota ina waya kadhaa. Mbili ni za kuzungusha mota, zilizobaki ni za swichi za ndani zinazoieleza kompyuta kuwa mota imefika mwisho. Rangi hutofautiana kwa mwaka na soko, kwa hiyo tumia mchoro wa umeme wa gari lako, usikisie. Pima soketi ikiwa imechomekwa, kwa kupenyeza sindano nyembamba kwa nyuma ya waya zile mbili za mota. Mwenzako akibonyeza kitufe, multimita inatakiwa kuonyesha volti karibu sawa na za betri, na akifungua, volti hizo hizo zije na alama ya kutoa mbele, kwa sababu mota hurudishwa kwa kugeuziwa umeme.

Ukipata volti 12 na mota imenyamaza, mota imekwama au imekufa. Ukipata 5 au 6, kuna kutu au ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) mbaya njiani inayokula umeme. Ukipata sifuri, amri haifiki: rudi nyuma kwenye fyuzi, kitufe, swichi ya L4 na waya, na kontroli boksi ije mwisho kabisa.

Nasisitiza kupima mzigo ukiwepo kwa sababu hapa ndipo mafundi umeme wengi wanapopotea. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba utaonyesha volti 12 safi kwenye multimita soketi ikiwa wazi, lakini mota ikitaka umeme, volti zinaanguka. Ukitaka kuujaribu waya mmoja mmoja, chomoa pande zote mbili kisha upitishie umeme wa betri kuwasha balbu ya breki ya wati 21. Ikiwaka kwa mwanga kamili, waya ni mzima. Ikiwa na mwanga mwekundu hafifu, waya umeliwa ndani hata kama ngozi yake inang'aa.

Mahali pa kutazama kwanza ni pale nyaya zinapotoka kwenye chasi kwenda kwenye ekseli. Hapo zinapinda kila springi inapocheza, na kwenye pikapu ya mzigo springi hazipumziki. Angalia pia palipopita kamba ya kuvutia gari, na palipochomelewa karibuni. Ukiminya waya kwa vidole ukahisi pamelegea kama uzi, chana ngozi hapo: utakuta shaba ya kijani. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, unga kwa lehemu, funika kwa mpira wa kuminywa kwa joto. Selotepu nyeusi peke yake kwenye ekseli haimalizi msimu mmoja wa mvua.

Mota yenyewe

Kwenye magari ya mzigo, hiki ndicho chanzo cha kawaida, na sababu yake kubwa ni kutotumika. Grisi ya kiwandani inakauka, maji yanapenya kupitia mpira wa soketi au oringi, gia inashika kutu. Kwenye mota hizi hutokea pia sumaku za ndani zikaachia gundi na kubana kiini kisizunguke.

Unaweza kuipa umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri ili kujua kama inageuka, lakini pitisha kwenye fyuzi ya ampia 15 na uguse tu, isizidi sekunde moja, kisha geuza waya. Ukiiunganisha hivyo umeiruka kompyuta, na hakuna kitakachoizuia kusukuma mpaka iungue au ivunje gia. Wakati mwingine miguso miwili mitatu ya namna hii, mbele na nyuma, inaitosha kuikwamua. Hata ikikwamuka, ifungue: kutu iliyoikwamisha bado imo.

Kabla ya kuifungua hakikisha difu iko kwenye hali ya kutofungwa. Osha tope lote kuzunguka hapo na upakaushe, kwa sababu mchanga utakaoingia utaishia kwenye beringi. Legeza kwanza nati ya kujazia oili, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga kisha ukagundua ya kujazia imegoma, gari halitoki gereji. Tazama oili inayotoka. Ikiwa kama chai ya maziwa, ina maji. Ujiuji laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno ya kitu.

Weka alama kwa rangi au msumari jinsi mota na gia vilivyokaa kabla ya kuvitenganisha. Hapa mtu akikosea jino moja, kufuli haliingii mpaka mwisho, taa inaendelea kupepesa, na kazi yote inarudiwa. Mota ikishatoka, sukuma shafti ya uma kwa mkono: inatakiwa iteleze bila kukwaruza. Kama inateleza, difu yako haina shida. Usipachimbe kwa patasi mota ikigoma kutoka; mwili wake ni wa aluminiamu, na ukipaharibu pale pa kukalia, oili itavuja maisha yote.

Ndani, safisha kutu, angalia urefu wa brashi, paka grisi mpya ya lithiamu, weka oringi mpya. Sumaku iliyoachia inaweza kugandishwa kwa epoksi inayostahimili joto, mradi uliweka alama upande wake. Ukiigeuza, mota inakosa nguvu au haizunguki kabisa. Gia ikiwa imeliwa na kutu, nunua mota peke yake, si difu. Rudisha kwa silikoni ya gasketi isiyoogopa oili, acha ikauke, jaza oili ya GL-5, 80W-90 au 85W-90 kadiri kitabu kinavyosema, mpaka ianze kumwagika kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Nati za oili za difu za Toyota kwa kawaida hukazwa Nm 49. Washa (pete ya kuziba) mpya ya nati ni bei ndogo kuliko lita moja ya oili.

Kuhusu difu ya mtumba

Ikitokea kweli difu imevunjika, usinunue kwa sura. Kwenye fowili, uwiano wa difu ya mbele na ya nyuma lazima ulingane. Toyota zina difu za 3.909 na za 4.100 ambazo kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ukiweka 4.100 nyuma na 3.909 ikabaki mbele, kwenye H2 (nyuma peke yake ikivuta) gari litaenda vizuri tu, muuzaji ameshakula hela yake, na siku utakayoingia fowili kwenye ardhi ngumu mnyororo au gia za transfa ndizo zitakazolia.

Kuipima ni rahisi ikiwa na ekseli zake na haijafungwa: zuia ekseli moja, zungusha nyingine mizunguko 20 kamili, hesabu mizunguko ya flenji ya propela. Ikifika 39 ni 3.909, ikifika 41 ni 4.100.

Kwa wenye Hilux mpya zaidi

Wasomaji wenye gari zenye VSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) na A-TRC wasichanganye mambo. A-TRC ndiyo inayofanya kazi ya LSD kwa njia ya umeme: pampu ya ABS inabana breki ya tairi linalozunguka bure ili nguvu iende kwa lenzake. Hakuna chochote ndani ya difu cha kuharibika. Ikigoma, soma kodi za hitilafu kwa mashine kwanza. C0200, C0205, C0210 na C0215 ni sensa za magurudumu: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. C1201 inamaanisha injini yenyewe ina hitilafu na mfumo umejizima kwa sababu hiyo. Tengeneza injini, na A-TRC inarudi bila kuguswa. Sensa za kisasa usizipime kwa ohm. Endesha kilomita 20 hadi 30 kwa saa ukiangalia kasi za magurudumu manne kwenye mashine. Lililobaki nyuma ya mengine au linalorukaruka ndilo lenye shida. Kama umetoka kubadilisha beringi yenye pete ya sumaku, inawezekana imefungwa kinyume.

Rudi kwako, ndugu yangu. Mpangilio wako ni huu: L4 na taa ya fowili, jaribio la magurudumu juu ya stendi, fyuzi, kusikiliza mota, volti soketi ikiwa imechomekwa. Hayo yote ni kazi ya asubuhi moja na multimita ya kawaida. Mota ikirudi kuwa nzima, ifunge na kuifungua difu loki angalau mara moja kwa mwezi, hata kiangazi, mita chache kwenye udongo laini. Kwenye lami usiifunge, inakula tairi na kuzibebesha ekseli mzigo wa bure. Na kagua kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli ya nyuma. Kikizibwa na tope, ekseli iliyopata moto ikiingia mtoni inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na kwa kuwa haina pa kupumulia inavuta maji kupitia sili, yakaishia kwenye oili na kwenye mota uliyoitengeneza.